Kichanuo Kimejaa

Kavugho ameketi mbele yangu, Birere,
na kichanuo kinarudi kimejaa.
"Umenivuta?"
Sijamvuta. Hata kusuka sijaanza.

Namuuliza ya jana: alikula sombe, alilala.
Ya juma lililopita: salama tu.
Rudi nyuma, namwambia, kichwa hulipa deni kwa kuchelewa.
Miezi mitatu.

Nje chukudu inapita na magunia ya makaa,
ikigongagonga juu ya mawe meusi.

Miezi mitatu: benki zimefungwa,
mume kapiga simu akiwa Sake,
kisha simu ikawa inaita tu.
Hakulia. Alihesabu madumu ya maji, vibiriti, watoto.
Majirani wakamsifu: huyu ana moyo.

Mizizi ndiyo iliyosikia.
Iliacha kazi usiku uleule bila kuaga,
nywele zikabaki zimesimama
kama wageni wasiojua mwenye nyumba kaondoka.
Leo wamejua.

"Zitaota?"
Navuta kidole chake hadi kwenye paji:
vijinywele vifupi, vikali, vya jana.
Zimeanza. Ila leo sikusuki. Funga kitenge.

Anaokota zilizoanguka, moja moja,
anazikunja ndani ya karatasi
kama risiti,
na sasa ndipo analia.