Ndiyo Moja

Walileta kanda ya dakika kumi na moja.
Habari ilihitaji sekunde arobaini.
Mimi ndiye mwenye mkasi pale redioni, Katindo,
chumba cha nyuma, ukutani kwa jenereta.
Mkasi wenyewe hauna chuma:
kidole tu, na kipanya kilichopauka.

Habari mliisikia.
Chukudu kubwa kuliko zote duniani,
mita tisa toka pembe hadi mkia,
imebeba magunia mia ya Unga Fahari
kwa wajane wa Ndosho.
Mkubwa wa kampuni alisema "jamii" mara sita.
Nikamwachia mbili.

Niliyoyakata ni haya.

Nilikata shangwe ya kwanza,
maana droni ilikuwa bado inanyonya umeme,
na Madamu Nsimire wa mawasiliano akasema:
"Asanteni sana. Sasa mushangilie tena,
kama vile ndiyo munaiona sasa hivi."
Wakashangilia. Kusema haki,
ile ya pili ilikuwa tamu zaidi.

Nilikata upepo.
Upepo wa Goma hauna adabu,
unatoka juu ya mawe meusi na vumbi lake
unadakia maikrofoni kabla ya wakubwa.

Nilikata mtoto aliyebandika pua kwenye gunia
akauliza mbona unga huu unanuka mbao.
Nikakata na kimya kilichofuata.
(Magunia kumi ya juu yalikuwa mahindi.
Yale ya chini fundi aliyatambua bila kuyafungua.
Kampuni haikudanganya, ulikuwa unga:
unga wa msumeno wake mwenyewe,
umemrudia umevaa nembo.)

Nilikata kona ya Birere,
pale chukudu ilipogoma kupinda,
vijana thelathini wakainyanyua mabegani kama jeneza,
na mmoja, pumzi juu, akauliza:
"Tangu lini mutu anabeba chukudu?"
Kicheko kile kilikuwa kirefu.
Kilinikatisha tamaa kukikata. Nikakikata.

Halafu fundi. Muhindo Syauswa,
mwenye karakana nyuma ya soko la Virunga.
Mwandishi wetu akamwuliza: "Fundi, unaona fahari?"
Akajibu dakika tatu.
Wiki tano za kazi. Mikaratusi aliyoikopa.
Gurudumu moja limekula matairi manne.
Nusu ya malipo ameiona kwa macho,
nusu nyingine, wanamwambia, iko njiani;
labda, akasema, na yenyewe imeshindwa kona.

Dakika tatu haziingii ndani ya arobaini.
Nikatafuta. Nikarudi nyuma, nikaenda mbele.
Mwisho kabisa wa kanda, watu wakitawanyika,
sauti ya mwanamke: "Muzee, umechoka?"
Na yeye: "Ndiyo."

Ndiyo safi. Haina upepo, haina kikohozi.
Nikaikamata, nikaipandisha juu,
nikaibandika mgongoni mwa swali la kwanza.
Unaona fahari?
Ndiyo.

Bahasha ilikuwa na franka elfu ishirini,
"za usafiri", mimi niliyeshinda kitini.
Nilinunua makala, na sabuni.

Jumatatu alikuja. Alitaka kujisikia.
Nikamwekea spika kubwa.
Alikaa viganja juu ya magoti,
gundi imekauka kwenye kucha.
Zikapita sekunde arobaini.
"Rudisha," akasema. Nikarudisha.
"Ni sauti yangu, kweli.
Swali ndilo silikumbuki."
Akavaa kofia, akanishukuru.
Akanishukuru.

Kanda nzima ninayo bado. Sijaifuta.
Wala sijaifungua.

Juzi nimeliona gurudumu moja la chukudu ile, Majengo,
limelazwa juu ya mabidoni manne,
ni meza ya mama muuza sambaza.
Akaniangalia, akaniangalia.
"Wewe si ni wa redio?
Ule unga, waligawa siku gani?"

Nikainama juu ya samaki.
Nikasema mwaka huu sambaza ni ndogo.