Mashine ya Miwa

Bampa la zamani lililiwa na chumvi.
Miaka tisa lori la Zamzam Famau
lilibeba magunia kutoka Gongoni,
na chumvi haina shukrani: humla anayeibeba.
Siku lilipogusana na punda pale Kisumu Ndogo
bampa ndilo lililoanguka. Punda akaenda zake.

Watu walicheka hadi magharibi. Zamzam hakucheka.
Alikuja kwangu Maweni, akasimama mlangoni:
“Tsuma, nitengenezee pua
ambayo punda ataiheshimu.
Na juu yake, ukiweza, mkono.
Nimechoka kulipa vijana sita
kila injini inapotaka kushushwa.”

Sikuwa na chuma kipya.
Nilikuwa na uwanja nyuma ya choo,
uwanja ninaoujua gizani kwa vidole vya miguu:
bomba la kisima kilichotoa maji ya magadi kikaachwa,
nene, lililonyooka kuliko neno la diwani;
chesisi ya Landrova iliyolala hapo tangu sijaoa;
kapi kutoka ghorofa ya Mtaliano
aliyeishiwa na pesa kabla ya kufika kwenye paa.

Nikakata. Umeme ukakatika. Nikangoja.
Ukarudi saa nne usiku, nikachomelea
mpaka jirani yangu, mwalimu Chengo,
akaja na shuka mabegani kuniuliza
ni nani aliyeniruhusu kuanika jua usiku.

Bampa lilikubali upesi.
Ncha zake niliziziba kwa visahani vya plau,
nikalipiga nyundo, likaitika kama kengele ya shule.

Mkono ndio ulionitoa jasho.
Mara ya kwanza niliufunga gia za baiskeli.
Pipa la maji likapanda, likafika kiunoni,
meno yakaruka, tatatata,
pipa likashuka juu ya kiatu cha Yeri, mwanafunzi wangu.
Ukucha wa kidole gumba ukawa mweusi wiki tatu.
“Fundi,” alisema, “hata baiskeli yenyewe ilijua.”

Mimi pia nilijua.
Nilijua gia ninazozihitaji ziko wapi,
na nilikuwa nazikwepa kama mtu anavyokwepa njia
inayopita mbele ya duka analodaiwa.

Mashine ya mama ya kukamua miwa.
Kando ya soko, ndimu na tangawizi,
glasi tatu za kuazimana, na yeye Umazi
akizungusha gurudumu kwa mkono mmoja,
mwingine ukihesabu chenji.
Tangu tumzike iko kwa dada, imefunikwa gunia.

Nilikwenda na maneno niliyoyapanga.
Kadzo hakuyangoja.
“Hapo chini ya gunia inakamua nini?” akasema,
akanisaidia kuipakia kwenye mkokoteni.

Gia mbili, kubwa na ndogo, meno kama ya nguruwe.
Nikazifunga kwenye nguzo ya Landrova,
nikachonga ulimi kwa jani la springi
ili mzigo ukipanda usipate njia ya kurudi.
Mpini sikuubadilisha. Ni mti, umelika
mahali pa kiganja chake. Changu ni kikubwa zaidi,
lakini kidole gumba kilipata pa kukaa.

Tulianza na injini ya Landrova yenyewe.
Tak, ulimi ukasema. Tak.
Cheni ikakaza, lori likainama mbele kidogo
kama mtu anayesikiliza,
na lile dude likaondoka chini likining'inia,
likidondosha mchanga na mjusi mmoja.

Hakuna aliyeshangilia. Zamzam alitembea chini yake,
jambo nililomkataza, akatazama juu.
“Ni bei gani?”
Nikamtajia bomba, vijiti, umeme, kidole cha Yeri.
“Na gia?”
Nikajifanya natafuta spana.

Jua lilikuwa kali. Grisi ikaanza kulainika.
Yeri alichokoa kati ya meno kwa bisibisi,
akatoa uzi wa kapi la muwa, mweusi, mkavu,
akaunusa, akaniangalia.
Nyuki wawili walikuwa wameshafika.