Kidogo Tu

Pesa zilikuwa za ploti ya Kamulu,
futi hamsini kwa mia, karibu na lami, maji yapo.
Miaka sita nimeziweka kwenye chama,
na wenzangu waliijua ploti ile
kama mtu anavyomjua mchumba wa rafiki yake.
Kisha nikaliona gari, Pangani, nyuma ya lango la kijani,
limefunikwa kwa mapazia ya zamani ya sebuleni.

Watu wanahangaika wapate paa.
Mimi nikanunua kitu kilichoundwa ili kulivua.

Moris Maina, la sitini na moja,
turubai limechanika kama jani la mgomba,
kuku amewahi kutagia kiti cha nyuma.
Bwana Rebelo hakuficha. Akainua zulia nione kutu,
akanitajia kila kikohozi cha injini,
kama mtu anayekabidhi mgonjwa kwa muuguzi wa zamu.
Bei tulipatana kwenye chai ya pili.

Mlango wa kushoto ulikuwa na bonde,
lingetosha kulaza ndimu.
"Hilo ni la Filomena," akasema. "Nguzo ni ile pale.
Somo lake la tatu la udereva. Alicheka hadi akakaa chini."
Nguzo ilikuwapo bado. Filomena, hapana.
Nikatia sahihi. Hakuniomba kitu.

Gereji ya Kivuva, Barabara ya Kirinyaga,
oili imegandamana na udongo, huwezi kuvitenga.
"Madam, tuweke injini ya Subaru."
Hapana.
"Taa za buluu chini?"
Hapana.
"Sasa unataka nini?"

Kidogo tu, nikasema.
Lishushe inchi mbili, lakini lisilambe matuta.
Toa nembo. Toa vishikio vya milango, ziba matundu,
milango ifunguke kwa waya uliofichwa.
Ile kromu ya ubavuni yote iondoke.
Rimu pana, si sana. Rangi ya chai ya maziwa iliyosahauliwa mezani.
Yale macho yake mawili ya mviringo usiyaguse.
Nataka anayelijua alitazame mara mbili
na asiweze kusema kilichobadilika.

Kivuva akakuna kidevu.
"Kidogo ndiyo ghali," akasema,
na kwa hilo hakunidanganya.

Miezi minane. Turubai alilishona Gikomba
fundi wa mahema ya harusi.
Kioo cha mbele kilitoka Nakuru ndani ya gunia la viazi.
Dada yangu Nyaboke hakunipigia simu tangu Pasaka
hadi mvua za vuli, na alipopiga akauliza:
"Ploti yako ina magurudumu mangapi?"

Halafu Jumamosi moja nikaukuta mlango laini.
Barasa, kijana wa msasa, alikuwa amelijaza bonde,
amelisugua siku mbili kwa maji na sabuni,
amesimama kando anangoja sifa.
Sikuwa nimemwambia. Kosa hilo ni langu.
Nikapitisha kidole: kimya, kama maji kwenye karai.
Nikamsimulia. Akainama, akaokota nyundo.
"Naweza kulirudisha, madam. Bure."
Kivuva akacheka peke yake.

Nililipeleka Pangani paa likiwa limekunjwa,
vumbi la Ngara kwenye meno yangu,
muuza mahindi akinipigia saluti kwa kipepeo cha jiko.
Bwana Rebelo akatoka na kandambili.
Akalizunguka. Akalizunguka tena, kinyume.
"Limenyolewa," akasema,
nami sikujua kama ni sifa.

Kisha akaweka kiganja juu ya bawa la mbele,
akakiburuta polepole kuelekea nyuma,
macho yako barabarani, hatazami,
na katikati ya ule ulaini mkono ukasimama.

"Hapa."

Nikazima injini.
Alikuwa anapapasa sasa, akitafuta kishikio aingie,
na ilinibidi nishuke nimwonyeshe waya.