Utelezi

Pipa la bluu, kokoto, singa za mkonge:
ndilo chujio la Semkiwa, Raskazone.
Siku ya kwanza nililisugua kwa sabuni
likang'aa kama sufuria ya harusi.
Alfajiri samaki watatu walielea ubavu,
yule mwekundu mwenye doa kipajini
mdomo wazi, kama ana neno.

Semkiwa hakufoka. Alinusa maji.
"Umewaosha waoshaji."

Sasa nasuuza kwa maji ya bwawa lenyewe,
nabakiza utelezi
kama mama anavyobakiza chachu ya jana.
Ya bomba nayalaza ndooni, dawa itoke.

Umeme ukikatika Februari,
maji vuguvugu kama chai iliyosahauliwa,
nachota kwa kata, namwaga kutoka juu,
nachota, namwaga.
Pampu ni mkono.
Wawili waliobaki wanasogea.