Uchakavu wa Punda

Kitabu kinatoa mfano wa lori.
Limenunuliwa kwa milioni tatu,
litatumika miaka mitano, kisha liuzwe chuma chakavu;
kokotoa uchakavu wa kila mwaka.
Langoni hatuna lori.
Tuna vichochoro ambamo watu wawili wanene
hupishana kwa kuombana radhi.
Basi nikalikata lori kwa kalamu ya risasi,
nikaandika: punda.

Punda namba nne wa Bwana Mselem,
yule mwenye sikio lililopasuka,
alinunuliwa elfu ishirini na mbili na mia tano.
Tukadirie miaka tisa ya kubeba saruji,
mchanga, mawe, majokofu ya wageni.
Thamani baki: sifuri.
Nani hununua punda mzee?
Elfu mbili na mia tano kwa mwaka, basi.
Jibu hilo nililipata saa nane usiku,
nikacheka peke yangu hadi mama akagonga ukuta:
"Nyumba hini haina usiku?"

Hii ni mara ya tatu.
Mara ya kwanza nilipata thelathini na moja, nikasingizia woga.
Mara ya pili, arobaini na nane.
Thelathini na moja hukufukuza, ukaenda zako.
Arobaini na nane hukuita kwa jina,
ukafika mlangoni, ikaufunga.
Alama mbili.
Nimezitafuta chini ya mkeka,
kwenye risiti za saruji,
katika ile dakika niliyoomba karatasi ya ziada
na msimamizi akawa anafuta miwani.

Baishe alifaulu.
Tulianza pamoja na kitabu kimoja, tukakipasua katikati,
yeye kurasa za mbele, mimi za nyuma,
kila Ijumaa tukabadilishana.
Sasa yuko Mombasa, ofisi yenye lifti,
ananiandikia: Usikate tamaa, dada.
Siku nne sikumjibu.
Ya tano nikasema: Nusu ya kitabu unayo wewe.
Akaituma kwa basi hadi Mokowe, imefungwa kwa gazeti,
na pembeni mwa sura ya madeni mabaya,
kwa mwandiko wake wa enzi zile, nikakuta:
"Sielewi kitu. Nataka kulia. Nataka viazi vya rojo."

Wengine hubandika ukutani maneno ya ushindi.
Mimi nimebandika hayo.

Nimeacha kujiahidi saa sita za kusoma.
Naahidi maswali mawili baada ya Isha.
La tatu likija ni faida, nalitia upande wake.
Siku nyingine hata moja haliji:
umeme umekatika,
au shangazi kaja na habari ya harusi isiyokwisha,
au ni mimi tu, nimekaa
namtazama sisimizi akivuka mizania.
Nayo naiandika, hasara, kwa tarehe yake.
Nitamficha nani, na mkaguzi ni mimi?

Jana daftari la saruji lilipishana na ghala
kwa mifuko mitatu.
Bwana Mselem akawatazama wapagazi,
akakawia zaidi kwa Shekue.
Nikasema, ngoja.
Nikarudi nyuma, risiti kwa risiti,
hadi tano moja iliyosomwa nane,
na mwandiko ulikuwa wa Bwana Mselem mwenyewe.
Hakuomba radhi.
Aliagiza chai ya watu wote, akalipa.
Shekue alikunywa yake polepole, akaniuliza:
"Mtihani lini?"
"Wiki tano."
"Wiki tano," akarudia,
kama mtu anayejaribu uzito wa gunia kabla ya kuliinua.

Punda namba nne yuko mwaka wa kumi na mmoja.
Kwa hesabu yangu alikwisha miaka miwili iliyopita;
daftarini ni sifuri, nimepiga na mstari.
Asubuhi hii amepita dirishani kwangu
na mifuko miwili ya saruji,
akasimama akojoe,
akaendelea.