Santuri ya Nyegezi

Letisia Nyanzobe alizaliwa Kagunguli, Ukerewe,
mwaka wa mvua ya mawe; mama yake hakushika namba.
Kwaya ya parokia ilimfundisha kuimba kwa kunyoosha shingo.
Kulegeza alijifunza mwenyewe.

Mimi nilimpigia besi miaka kumi na tisa.
Najua alipovutia pumzi,
na najua kwamba wimbo uliomtoa
muziki wake hakuutunga.

Mgeni mmoja wa chuo cha samaki, Nyegezi,
Mjojia (tulimwita Mrusi, akanuna kila mara),
alimwachia santuri siku ya kuondoka:
mwanamke na gitaa, basi,
lugha yenye kokoto ndani yake.
"Ni mapenzi," alisema tu, akapanda treni.

Tuliisikiliza chumbani kwake Kirumba
hadi sindano ikachimba mtaro.
Letisia hakuuliza maana.
Alipanga maneno yake juu ya pumzi za yule mama
kama mtu anayerithi viatu vya marehemu,
akivipapasa kwanza kwa vidole:
barua, meli ya Bukoba,
mtu aliyesema atarudi Jumanne
asitaje Jumanne ipi.

Redio ikaupiga mpaka vyura wa Butimba wakaujua.
Ana mwanya; hata redioni mwanya ulisikika.
Tukapiga hotelini, sikukuu za pamba, harusi
ambako bwana harusi alilia kumshinda mama mkwe.
Malipo: kreti mbili za bia, na nauli wakikumbuka.
Kwenye lebo waliandika "Leticha Nyanzabe".
"Huyo ndiye tajiri," alisema. "Akija, mnikutanishe naye."

Kisha vinanda vya umeme. Kisha ndoa, ikaja ikaondoka.
Koo likashika kutu.

Leo yuko Mwaloni, anapima dagaa kwa kisado.
Juzi mjukuu wangu, mwenye simu ya kujua kila kitu,
akaupata ule wa kwanza, na tafsiri yake.
Letisia akaifunika simu kwa kiganja chenye magamba.
"Usinisomee. Wangu ulishaniuma, unatosha."

Mimi nilisoma, usiku, nikiwa nimevaa miwani ya marehemu kaka.
Meli haimo. Jumanne haimo.
Kuna bustani, kuna mtu na kofia yake mkononi.
Nikaizima.

Asubuhi nilikwenda kununua dagaa nisiowahitaji.
Akanipimia, akaongeza konzi,
akawa anaimba chini chini, akipepeta,
na alipofika Jumanne
hakuniangalia.