Maji ya Kiyoyozi

Mwezi wa kumi na moja, Nkuhungu.
Bati halina dari. Ikigonga saa tatu
linaanza: ta, ta,
kama mtu anayealisha vidole akiwaza deni.
Mimi ndiyo kwanza nimefumba macho.

Alindaye usiku hulala mchana,
na mchana wa hapa haulaliki.
Nimejaribu godoro, linatunza joto kama kinyongo.
Nimejaribu mlango wazi, vumbi likaingia bila hodi,
likakaa.
Nimejaribu kuoga nikalale bila kujifuta:
nilikauka kabla sijafika kitandani,
na kitanda kiko hatua tatu.

Mama Chilewa, mwenye nyumba, ana cherehani
na hana saa.
Asubuhi anashonea upande wa choo.
Adhuhuri chini ya ukingo wa bati,
magoti kivulini, vidole vya miguu juani.
Alasiri amehamia ukuta wa mashariki.
Ukitaka kujua muda, uliza yuko wapi.

"Kwetu Mvumi tulikuwa na tembe," anasema, uzi mdomoni.
"Udongo juu, udongo pembeni.
Ndama walilala ndani, nasi tukalala.
Mimi nikaionea aibu. Nikanunua bati."
Kisha anakanyaga pedali kwa nguvu,
kama anaikanyaga siku ile dukani.

Usiku niko Mtumba, lango la nyuma.
Watu wameondoka, viyoyozi vimebaki kazini
vinapoza viti.
Upande wangu vinapumua joto la mafaili.
Lakini kuna kimrija.
Tone.
Halafu kimya kirefu, maana hewa ya Dodoma ni kavu,
haina cha kutoa sadaka.
Tone.
Nimetega dumu la lita tano.
Kitabu cha lindo hakitaji matone,
nami sikuyaandika.

Kunakucha, dumu halijafika nusu.
Nalibeba kwapani kama mtoto wa mtu.
Kidogo nalowesha kitenge, nakining'iniza dirishani,
upepo ukipita hapo lazima uinamishe kichwa.
Yaliyobaki nayamwaga kwenye saruji, polepole,
kama ninanyweshea mche wa mzabibu,
nalala kifudifudi, shavu chini.

Dakika arobaini. Labda hamsini.
Nimeketi kiti kinachozunguka,
miguu haigusi sakafu,
mtu ananiuliza kama baridi imezidi
nami najibu, taratibu, kwamba
ndiyo,
punguza kidogo.

Ta. Ta.
Nje, miguu ya cherehani inaburutwa.
Saa sita.

Naamka. Sakafu imekauka zamani.
Umebaki mchoro mweupe: bega, ubavu, nusu ya uso.
Naramba kidole nihakikishe.
Maji ya kiyoyozi hayana chumvi.
Hii ni yangu.